Tulivyomshangilia Mumbua Jinja

Juzi nilikuwa mji wa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, nikingoja fundi azibe pancha. Ili kupoteza muda nikajipitisha kwenye vibanda vya mitumba kando ya barabara, na katikati ya rundo la makoti ya watoto nikaona kitu cha rangi ya chungwa. Nilipokivuta kilitoka chote: jaketi la kuelea, la mtu mzima, mikanda yake imekakamaa. Lilinuka kama sponji iliyolowa, ikakauka vibaya, ikalowa tena. Muuzaji akacheka. "Hiyo ni ya watu wa maji, mama. Hapa nani ataitaka?" Nililirudisha mahali pake. Nikaenda kusimama kando ya gari mpaka fundi alipomaliza.

Harufu ile naijua. Mwaka niliokuwa na miaka tisa ilikaa chumbani kwetu likizo nzima, kwa sababu dada yangu Mumbua alikuwa amerudi nyumbani na jaketi la timu na alilitundika kwenye msumari juu ya kitanda tulicholala wote wawili.

Kwetu ni nje kidogo ya Kyuso. Nyinyi wa rika langu mliolelewa upande ule hamhitaji kuelezwa. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, na maji ulikuwa unayachimba kwa bakuli, ukisubiri yajikusanye polepole kama jasho. Baba alinunua na kuuza mbuzi. Mama, ambaye sote tulimwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyomwita mama, alilima ndengu na kuongoza kwaya ya akina mama kanisani. Kwamba msichana wa nyumba hiyo angekuwa mpiga makasia lilikuwa jambo la kuchekesha hata kwetu wenyewe. Lakini Mumbua alisoma sekondari ya bweni karibu na lile bwawa kubwa la Tana, na mwalimu mmoja wa michezo pale, aliyekuwa na mtumbwi mrefu na subira nyingi, alikuwa ameunda timu ya wasichana wanane. Mumbua alikaa mbele kabisa. Yeye ndiye aliyeweka mapigo, na wale saba nyuma yake walimfuata.

Kisha barua ikaja: timu imealikwa kwenye mashindano Jinja, Uganda, pale ziwa linapoanza kuwa mto.

Kabla sijafika huko, nieleze jambo ambalo mimi peke yangu nililijua.

Siku moja mwanzoni mwa likizo ile, mimi na Mumbua tulikuwa mtoni tukichimba maji. Jua lilikuwa kali na hakukuwa na mtu mwingine. Mumbua alikuwa ameinama, bakuli mkononi, akinisimulia habari za shule, mara akanyamaza katikati ya neno. Nikainua macho. Alikuwa ameganda akitazama pembeni, kama mtu aliyeitwa. Halafu akatoa sauti ambayo haikuwa yake, akaanguka chali mchangani, na mwili wote ukaanza kupiga. Visigino vyake vilichora mitaro miwili. Macho yalikuwa meupe. Povu likatoka mdomoni.

Sikukimbia. Nataka mnielewe hapa. Katika kanisa letu la mabati watu walianguka kila Jumapili. Mchungaji aliweka mkono, mtu akatetemeka, akaenda chini, na sisi tukaimba na kupiga makofi mpaka alipoinuka akilia kwa furaha. Niliambiwa ni Roho Mtakatifu na sikuona sababu ya kutoamini. Mumbua hakuwa amewahi kuanguka kanisani, na jambo hilo lilikuwa likinisumbua. Sasa Roho alikuwa amemfuata mpaka mtoni, akamshukia mimi nikiwepo. Nikapiga magoti, nikaimba.

Alipozinduka alikuwa mchovu sana na sketi yake imelowa. Aliniangalia muda mrefu.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Umeanguka. Ni Roho, sivyo?"

Nakumbuka jinsi alivyochelewa kujibu. Mara nyingi nimerudi kwenye ukimya ule kuliko kwenye jambo lingine lolote maishani mwangu.

"Eeh," akasema. "Ni Roho. Lakini usiambie mtu."

"Hata Mwaitu?"

"Hata Mwaitu. Roho akitangazwa ovyo anaondoka. Unataka aniache?"

Sikutaka. Nikamsaidia kufua sketi kwa maji tuliyokuwa tumechota, tukaanza kuchimba upya.

Kulikuwa na mwanamume pale sokoni Kyuso ambaye naye alikuwa akianguka. Mkono wake mmoja ulikuwa na kovu kubwa la moto, kwa sababu siku moja alianguka penye jiko la mama wa chapati na watu wakaogopa kumvuta. Nilimwona akianguka mara moja, siku ya soko la mbuzi. Umati ulirudi nyuma kama uliomwagiwa maji ya moto. Mwaitu alinikamata bega na kunivuta. "Usimguse. Usikanyage hilo povu. Ni kifafa, kinaambukiza." Neno hilo, kifafa, alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu mbaya. Hakuna aliyemwajiri mtu yule, hakuna aliyekula naye, na mke aliyekuwa naye alirudi kwao.

Niliona yote mawili na sikuyaunganisha. Yeye alikuwa mchafu na wa kusikitisha. Dada yangu alikuwa mrembo na alinukia sabuni.

Wiki moja kabla ya safari ikatokea tena, nyuma ya ghala la ndengu. Safari hii aliuma ulimi na damu ikachanganyika na povu. Niliimba, lakini sauti yangu haikutoka vizuri. Kuku walikuwa wametawanyika wote, na mbwa wetu, aliyempenda Mumbua kuliko mtu yeyote, alikuwa amesimama mbali, mkia katikati ya miguu, akinguruma. Mumbua alipozinduka nikamuuliza kwa nini Roho amemtoa damu. Akasema, "Wewe unauliza maswali mengi mno." Akajifungia chumbani. Jioni aliwaambia watu wa nyumbani kwamba ameuma ulimi akila mahindi.

Tangu siku hiyo nilianza kuhisi kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nilikuwa nikimtazama akitembea uani na kujikuta nimeshika pumzi. Susu, mama yake baba, alikuwa akisema ameota maji meusi yameingia ndani ya nyumba na hayana sauti. Baba alikataa kwenda. "Watu wa Kyuso wanapanda basi kwenda nchi ya watu kutazama maji," alisema, "na hapa ng'ombe wanakufa kiu." Alisema kama mzaha, lakini siku ya kuondoka alikuja mpaka kwenye basi, akasimama chini ya dirisha la Mumbua, akamuuliza kama fomu zote zimejazwa sawa.

"Zote, Baba."

"Hata ile ya daktari?"

"Hata hiyo. Mimi ni mzima."

Nilikuwepo alipoijaza. Palipoulizwa kama ana ugonjwa wowote alipiga mstari mmoja mrefu, akaukoleza kwa kalamu mara mbili.

Basi lilikuwa la shule, limekodishwa na kanisa. Ndani tulikuwa akina mama wa kwaya, wazazi wachache, na mimi, mtoto wa pekee, kwa sababu Baba alishinda kwenye masoko ya mbuzi, Susu alikuwa amezeeka, na Mwaitu hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Tuliwapitia wenzake Mumbua saba na mwalimu wao huko bwawani, mtumbwi ukafungwa juu ya paa, na safari ikaanza. Akina mama waliimba mpaka Nakuru. Kila mtu alilala kidogo kwa zamu isipokuwa Mumbua. Alikaa wima, macho mekundu, akipiga makasia ya hewa magotini kwake. Mwaitu alimpa mkate na mayai, hakula. "Nikilala nitaamka nimekakamaa," alisema. Leo najua kwamba kukosa usingizi na chakula ni kama kukiita kile kitu kwa jina. Yeye pia alijua, nadhani. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anaenda Jinja.

Kilichonitisha kwanza Jinja ni ndege. Makorongo wakubwa wenye vichwa vya upara, warefu kunizidi, walisimama juu ya taka na juu ya paa za nyumba, hawaimbi, hawaruki, wanatazama. Halafu maji. Nilikuwa nimewazia bwawa, kitu kilichotulia. Haya yalikuwa yanakwenda. Juu yalikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, lakini ukitazama kijiti kinachopita unaona kinavyokimbia, na chini huoni kitu. Nikamshika Mwaitu leso.

"Mwaitu, maji haya yanaenda wapi?"

"Misri, wanasema."

"Na mtu akianguka?"

"Wana majaketi. Wacha kuongea mambo ya kuanguka."

Asubuhi timu yetu ilishindana raundi ya kwanza ikawa ya pili, na ikaingia fainali. Furaha tuliyokuwa nayo! Akina mama wa Kyuso walicheza pale ukingoni hadi Waganda wakaja kupiga picha. Mumbua alikuja kutusalimia akiwa amevaa lile jaketi. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kama majivu juu ya ngozi nyeusi. Akanivuta kando, akachuchumaa.

"Unaomba kwa ajili yangu?"

"Naomba."

"Omba Roho asije leo. Akuje siku nyingine."

Hilo lilinishangaza. Kwa nini mtu akatae kutembelewa siku aliyomhitaji zaidi? Nikamwitikia, lakini, Mungu anisamehe, sikuomba hivyo. Niliomba kinyume. Niliomba aje mbele ya Waganda wote, ili waone.

Fainali ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limeteremka upande wa pili na maji yote yalikuwa yanametameta, vipande vidogo vya mwanga vikizimika na kuwaka, vikizimika na kuwaka, hata mimi niliumwa na macho. Mitumbwi sita. Filimbi ikalia. Wetu ulitoka kama umerushwa. Mapigo ya Mumbua yalikuwa mazito na sawasawa, na wale saba nyuma yake wakiinama anapoinama. Walipofika katikati walikuwa mbele. Mwalimu wao alikuwa anakimbia ukingoni akipiga kelele kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, yote kwa pamoja.

Nikaona kasia la Mumbua limesimama hewani.

Lilisimama tu. Halikushuka. Wale waliokuwa nyuma walipiga bila yeye, pigo moja, mawili, mtumbwi ukaanza kupinda. Kichwa chake kiligeuka pembeni kana kwamba ameitwa. Katika watu wote waliokuwa ukingoni, mimi ndiye niliyejua kabla ya wengine. Nikaruka juu ya benchi.

"Amekuja! Roho amekuja! Mwaitu, tazama!"

Nikaanza kupiga makofi na kuimba ule wimbo wetu wa kanisani. Na akina mama, ambao hawakuwa wameelewa, waliosikia tu mtoto anaimba kwa nguvu, wakauchukua. Kwaya nzima ya Kyuso ikaimba na kupiga makofi huku dada yangu akijinyonganyonga mbele ya mtumbwi, huku mtumbwi ukilala ubavu, huku wasichana wanane wakimwagika majini.

Wimbo ulikatika kidogo kidogo, sauti moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa wa mwisho kunyamaza.

Vichwa saba vilitokea, vikipiga kelele. Kitu cha rangi ya chungwa kilikuwa kinakwenda zake peke yake kuelekea kule maji yanakokwenda, na kilikuwa kimelala kifudifudi. Boti ya waokoaji ilinguruma. Mganda mmoja, kijana mwenye mabega mapana, hakuisubiri isimame, akajitupa, akamgeuza, akamkumbatia kwa nyuma na kuinua kidevu chake juu ya maji. Sikupata kujua jina lake kamwe. Nimemwombea maisha yangu yote kama "yule wa maji".

Walimlaza kwenye nyasi. Alikohoa, akatapika maji, tukapumua. Halafu mwili ukaanza tena. Na hapo mtu mmoja kati ya watu wetu akalitamka lile neno. Likapita mdomo kwa mdomo, na duara likapanuka. Wanawake waliokula naye ndani ya basi wakarudi nyuma wakivuta leso zao wasiguse kitu.

Mwaitu alibaki amesimama mahali pake. Nikaona macho yake yakiangalia povu. Alikuwa ndiye yule yule aliyenivuta bega sokoni, na nilimwona akiogopa, nilimwona kabisa. Kisha akamwendea. Akakaa chini kwenye matope, akaweka kichwa cha Mumbua pajani pake, akampangusa povu kwa kiganja chake kitupu.

"Niko hapa, Mumbua," alikuwa anasema. "Mwaitu yuko hapa."

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mfupi asiyejua Kiswahili, lakini nesi wake alikuwa mtu wa mpakani na akatutafsiria. Daktari aliuliza kama jambo hili limewahi kutokea.

"Hapana," Mwaitu akajibu. "Hajawahi. Huyu ni mzima, hata fomu ilijazwa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Daktari akaandika, akasema kitu. Nesi akaeleza kwamba kama ni mara ya kwanza basi huenda ni malaria ya kichwani, au amejigonga, au ni maji aliyomeza, na itabidi wamchome sindano mgongoni na kuanza dawa nyingi kwa mara moja. Walikuwa tayari wanaandaa trei. Mumbua alikuwa ametulia kitandani, macho nusu wazi. Nilipoiona ile sindano nikasahau nilichoahidi.

"Sio mara ya kwanza," nikasema. "Ni mara ya tatu. Tena ni Roho."

Nesi akatafsiri. Daktari akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza, kupitia nesi, Roho huwa anakujaje. Nikaanza kusimulia kwa majivuno kidogo, kwa maana hatimaye kuna mtu aliyetaka kujua. Nikaeleza mto, visigino, macho meupe. Nikaeleza ghala, ulimi, damu. Daktari alikuwa anatikisa kichwa taratibu. Nikamtazama Mwaitu ili naye afurahi, nikaona uso wake, na maneno yakaanza kuniisha. Kwenye uso ule ndiko nilikosoma kile nilichokuwa nimekiona muda wote.

"Ulijua?" akaniuliza. Hakupaza sauti. "Ulikuwa unajua, na ukanyamaza?"

Daktari akamwambia aniache, kwamba mtoto huyu ndiye aliyemsaidia mgonjwa kuliko mtu yeyote humo ndani. Akamwambia pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, si laana, una dawa. Mwaitu aliitikia kila neno, "Ndiyo, daktari," lakini aliendelea kunitazama.

Mumbua aligeuza uso ukutani. "Nilikuambia usiseme," alisema. Baada ya hapo hakuniambia neno kwa karibu mwaka mzima.

Alianza vidonge kliniki ya Kitui na vikamkubali. Hakuna aliyemruhusu tena kupanda mtumbwi. Kwa muda fulani pale Kyuso watu walikataa chai nyumbani kwetu, na Mwaitu, bila kugombana na mtu, aliacha kuongoza kwaya na akawa anakaa benchi la nyuma na binti yake. Siku moja nilimkuta sokoni akimpelekea yule mwanamume mwenye kovu jina la dawa, limeandikwa kwenye karatasi. Mumbua aliolewa Nunguni, kule juu kwenye baridi na ukungu, anauza mboga na miche ya parachichi, ana watoto wawili. Nilipokuwa chuoni nilimtembelea, na tukiwa tunachambua maharagwe akasema bila kuinua macho, "Nilijua tangu kidato cha pili. Nilisoma kwa kitabu cha shule. Lakini ukiitwa hilo jina kwetu umekwisha, na kwa mtumbwi nilikuwa mtu. Hakikuwahi kunikuta majini, nikafikiri majini hakifiki." Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtoto wa kuamini kila kitu. Ndiyo maana nilikuambia wewe." Nimejaribu kuamua kama ilikuwa ni kuomba msamaha. Sijaamua.

Hayo ni ya baadaye. Siku ya kurudi kutoka Jinja, basi lilikuwa kimya. Akina mama wa kwaya walikuwa wamejibana mbele. Mwaitu na Mumbua walikaa kiti cha nyuma kabisa, na viti vilivyokuwa karibu nao vilibaki vitupu. Nilikaa katikati ya makundi hayo mawili peke yangu. Mwalimu alikuwa mbele na rundo la karatasi zetu za kusafiria, na kwa kilomita nyingi hakugeuka nyuma.

Mpakani afisa kijana aliingia ndani ya basi akazipokea karatasi. Alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameona mtumbwi juu ya paa.

"Kumbe nyinyi ndio timu! Mlienda mashindano?" akauliza. "Sasa si mniambie, mlishinda?"

Akina mama wakaangalia nje. Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mwaitu, kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji tangu asubuhi.

"Tunarudi wote," alisema.

Afisa akasubiri kidogo, kama mtu anayengoja jibu la swali lake. Halafu akaegemeza karatasi kwenye kiti cha mbele, akaanza kugonga mihuri.